Scania, Tabu au Khloe: mtoto aandikwe nani?

Swali: Shikamoo wakili. Naishi Uyole, Mbeya. Nimejifungua mtoto wa kike, ana wiki tatu, na hadi leo kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa" halafu jina langu. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Kongo kupitia Tunduma. Anataka mtoto aitwe Scania, kwa sababu siku niliyoshikwa na uchungu alikuwa anatoka Dar na hilo gari, akapandisha mlima Kitonga usiku ili aniwahi. Mama mkwe, mtu wa Rungwe, anataka Tabu, maana uchungu ulinikaa siku mbili mpaka nikapewa rufaa. Mimi nataka Khloe. Dada yangu anashauri tuyaunganishe ugomvi uishe: Khloe Scania Tabu. Je, sheria inaruhusu? Na haya majina yao mawili hayatamsumbua mtoto huko mbele?

Jibu: Marahaba, mama, na hongera ya uzazi. Pole pia kwa hizo siku mbili.

Naomba nianze kwa kukuudhi kidogo. Umeniuliza kuhusu majina yao mawili. Nilipoyapanga yote matatu mezani, niliona kwamba litakalomfikisha binti yako kwenye ofisi kama yangu mapema zaidi ni la kwako.

Sheria kwanza, maana hapo hakuna maneno mengi. Sheria yetu ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, haina orodha ya majina yaliyopigwa marufuku. Kwa wenzetu mambo ni tofauti. Mwaka 2014 mahakama ya Valenciennes, Ufaransa, iliwakatalia wazazi kumwita binti yao Nutella, jina la ile chokoleti laini ya kupaka kwenye mkate, ikaamua aitwe Ella. New Zealand, mwaka 2008, jaji alimweka binti wa miaka tisa chini ya uangalizi wa mahakama ili apate kubadilishiwa jina. Wazazi wake walikuwa wamemwita "Talula Does The Hula From Hawaii", sentensi nzima kuhusu Talula anavyocheza ngoma ya Hawaii, na mtoto alikuwa analificha hata kwa rafiki zake. Hapa kwetu mtendaji wa kata akiletewa Scania atacheka, kisha ataandika. Kwa hiyo ndiyo, sheria inaruhusu. Mlinzi wa mtoto kwenye jambo hili ni ninyi nyumbani.

Sasa nikueleze ninachokiona mimi. Watu wengi hudhani wakili wa mkoani anaishi kwa kesi za mashamba na mirathi. Zipo, lakini asubuhi yangu nyingi huliwa na viapo vya majina. Mtu anaingia na bahasha ya kaki, anakaa pembeni ya kiti, anasema, "Wakili, majina yangu yamegongana."

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Makambako kwa basi la alfajiri. Nitamwita Wilfred, si jina lake, ila shida yake ni hiyohiyo. Alikuwa amepata kazi, mwajiri akamrudisha. Nikamwambia atandaze karatasi zake kwa mpangilio wa umri. Kadi ya kliniki: Wilfredi. Cheti cha ubatizo: Wilfrid, na ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona herufi moja imekwanguliwa kwa wembe na nyingine kuandikwa juu yake. Cheti cha darasa la saba: Wilifred. Cheti cha kidato cha nne: Wilfred. Kitambulisho cha taifa: Wilfled. Karatasi tano, watu watano, kijana mmoja amekaa mbele yangu anazitazama kama anaziona mara ya kwanza. Na hilo ni jina la kanisani, la zama za babu zetu, tunalisikia kila Jumapili.

Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila aliyeshika kalamu aliandika alichosikia, na kila aliyefuata akadhani anasahihisha. Huku kwetu kuna na mtego wa ziada. Kinyakyusa hakina r. Mzee wa Tukuyu atakutajia Lobati, naye ana maana ya Robert. Karani mgeni ataandika Lobati kama alivyosikia. Mwalimu mjuaji atakuja "kuirudisha" r mahali ambapo haikuwapo. Majina yetu ya asili hayana kinga pia. Ambakisye likienda kwa karani asiyejua sauti hiyo linarudi Ambakishe. Tusajigwe wengine huliandika Tusajighwe, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na tahajia mbili za neno moja.

Rudi kwenye Khloe. Wewe unalijua kwa sababu umeliona limeandikwa, pengine kwenye simu, kwa yule dada maarufu wa runinga ya Marekani. Lakini mtoto hatembei na simu shingoni. Atalitamka, mtu atalisikia, mtu ataliandika. Sisi tukiona kh tunasoma ya Khadija na kheri, sauti ya kooni. Wamarekani hawaitamki hivyo. Mwisho wake wao wanasema "i", sisi tukiona e tunasema "e". Kabla ya kukujibu nilijaribu ofisini. Nilimtamkia karani wangu kwa Kimarekani, nikamwambia andika. Akaandika Kroi. Binti wa duka la stashena jirani, ambaye ana elimu nzuri tu, akaandika Clowie. Mteja aliyekuwa anasubiri akaandika Kulohi, akaniuliza kama ni jina la mtu au la dawa.

Hivyo ndivyo mambo yatakavyokuwa kwa nesi mwenye foleni ya akina mama arobaini, kwa mwalimu wa darasa la kwanza mwenye wanafunzi mia, na kwa kijana wa kusajili vitambulisho aliyeketi chini ya mwembe. Zamani haya hayakuumiza sana. Mtu aliishi na majina matatu akafa salama. Sasa karatasi zinasomana. Jina analoandikishwa nalo shule linaingia kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na kumfuata hadi mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi. Laini ya simu, tangu mwaka 2019, inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na namba hiyo ina tarakimu 20 zinazomjua mtu kwa tahajia moja tu. Herufi moja ikipishana, mashine haimhurumii kama alivyomhurumia karani wa zamani.

Hata hivyo sitaki kukunyang'anya jina lako, kwa sababu lina njia. Fungua Biblia ya Kiswahili, Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 1, mstari wa 11. Utakuta watu wa nyumbani mwa Kloe. Kloe, kwa K, bila h, bila mapambo. Ni jina lilelile, asili yake Kigiriki, maana yake chipukizi la kijani. Limo kwenye kitabu kilichomo karibu kila nyumba ya Kikristo ya Uyole, na tamko lake linafuata maandishi. Ukimwandika Kloe, anayesikia "Klo-e" ataandika Kloe. R itamnyemelea, Kroe hapa na pale, lakini hapo angalau una kitabu cha kumfungulia karani umwonyeshe.

Kuhusu Tabu, naomba umsikilize mama mkwe kabla hujakasirika. Wazee hawakutoa majina haya kwa kukosa upendo. Makabila mengi nchini, familia iliyofiwa watoto mfululizo ilimpa anayefuata jina baya makusudi, ili kifo kimdharau, kimpite. Wengine waliandika historia kwa njia hiyo: Mashaka, Masumbuko, Shida, Sikujua, Uhuru. Mtu anayeitwa Uhuru huna haja ya kumuuliza kwa aibu amezaliwa lini. Mama mkwe wako alikaa nje ya wodi siku mbili. Anataka siku hizo zisisahaulike.

Na mimi sina uso wa kulisema vibaya, kwa sababu jina langu ni Mashaka. Nilizaliwa baba akiwa mgonjwa, Makete, kwenye baridi ile ya Juni unayoijua, na hakuna aliyetegemea kwamba yeye au mimi tungeuona msimu wa mahindi. Sasa fikiria wakili wa utetezi anayeitwa Mashaka. Kwenye jinai upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kesi bila kuacha mashaka. Siku moja nilichelewa kwa sababu ya mvua, mwendesha mashtaka akasimama, akamwambia hakimu kwamba leo kazi yake ni nyepesi kwa kuwa Mashaka hayumo mahakamani. Mahakama nzima ilicheka, hakimu naye akajificha nyuma ya faili. Shuleni nilitaniwa, ndiyo. "Mashaka, punguza mashaka." Baada ya mwezi walimu wenyewe walichoka. Na katika miaka yangu yote sijawahi kuapa kwa sababu ya jina hilo. Kila karani wa nchi hii analijua tangu tumboni kwa mama yake.

Tabu ni hivyohivyo. Herufi nne, haina pa kukosewa. Atataniwa, "Tabu una tabu gani leo," kisha utani utazeeka. Neno la kawaida likishikamana na mtu linaacha kusikika kama neno. Mwangalie Tulia Ackson, mtu wa kwetu Mbeya, aliyekalia kiti cha Spika wa Bunge mwaka 2022. Mwalimu gani hajapiga kelele "tulia!" darasani? Lakini ulipokuwa ukisikia habari ya "Spika Tulia" hukudhani Spika ameamriwa kunyamaza.

Ambayo huwa napingana nayo bila kupepesa macho ni majina ya vijembe, na nashukuru la mama mkwe halimo humo. Namaanisha Semeni, au Chuki, anayopewa mtoto ili jirani au wifi asikie. Nimewahi kumshughulikia mwanamke wa makamo aliyetaka kubadili jina la namna hiyo. Alisema ugomvi wenyewe uliisha kabla hajaota meno, waliogombana wakapatana, wakala pilau pamoja, yeye akabaki nao kwenye cheti kwa miaka arobaini. Kama ndani ya Tabu kuna chembe ya kukusema wewe, kwamba ulimletea mwanawe tabu, hapo kataa, na mume wako ndiye aende kumwambia mama yake, usiende wewe.

Scania nalo. Kwenye karatasi, utashangaa, halina shida kubwa. Limeandikwa kwa herufi kubwa za chuma kwenye uso wa maelfu ya malori yanayopita Uyole usiku na mchana; mtoto wa chekechea wa barabara ya Tunduma anaweza kulisoma kabla hajaweza kusoma "baba". Tabu yake iko kwa watoto wenzake. Akichelewa foleni ya uji, Scania imeshindwa Kitonga. Akianguka, Scania imefeli breki Mlima Nyoka. Akiwa na mwili mkubwa kidogo, sina haja ya kumalizia. Na utani huu hautazeeka kama ule wa Tabu, kwa sababu kila siku gari jipya linapita kuukumbusha. Halafu siku mume wako atakapobadilishiwa gari na tajiri wake akapewa la kampuni nyingine, sijui mtamwambia nini mtoto.

Lakini sababu yake ni nzuri mno. Mtu aliyepandisha Kitonga usiku na mzigo kwa ajili yako anastahili kukumbukwa mahali fulani. Nitarudi kwake.

Ushauri wa dada yako ndio nisioupenda kuliko yote. Fomu zetu zina nafasi tatu: jina lake, jina la kati, jina la ukoo. Kwa desturi ya hapa nafasi ya kati ni ya baba. Ukiijaza Scania, na ya tatu Tabu, baba na ukoo wamesukumwa nje ya karatasi. Leo mnacheka. Miaka hamsini ijayo, Mungu ampe mumeo maisha marefu, binti anakwenda kufungua mirathi au kufuatilia mafao, na hakuna karatasi yake hata moja yenye jina la marehemu. Nimeona familia ikizunguka kwa mtendaji, kwa mchungaji, kwa wazee wa ukoo, wakitafuta watu wa kuapa kwamba huyu ni mtoto wa yule. Na jina refu watu hulikata watakavyo wao. Chifu wa Wahehe aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 alikuwa Mkwavinyika. Dunia ikamfupisha Mkwawa, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Yeye alikuwa na jeshi. Binti yako atakuwa na bahasha ya kaki.

Kwa hiyo kwenye cheti liwe jina moja lake, kisha la baba, kisha la ukoo. Mengine yawe ya nyumbani. Bibi amwite Tabu jikoni, baba amwite Scania akirudi safari, hakuna sheria inayoingia humo. Ila nakuonya kuhusu kosa moja ninalolikuta mara kwa mara. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, mama yuko sokoni, baba yuko Lubumbashi, anatumwa bibi. Mwalimu anamuuliza mtoto, "Unaitwa nani?" Mtoto anajibu jina analoitwa kila siku. Mwalimu anaandika Tabu. Cheti kimekaa kabatini kinasema Kloe. Miaka saba baadaye ndipo mnagundua. Siku hiyo nenda mwenyewe, na cheti mkononi, usikubali jina litajwe kwa mdomo tu.

Usajili usiusubirishe. Muda wa kisheria ni siku 90 tangu kuzaliwa, na ninyi mmeshatumia wiki tatu. Mkoa wetu uko tangu mwaka 2013 kwenye mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo cheti unakipata bila malipo kwenye kituo cha afya chenye huduma ya mama na mtoto au kwa mtendaji wa kata. Na kinaandikwa kwa mkono, papo hapo, mbele yako. Hapo ndipo nataka uwe mkali. Nenda na jina umeliandika nyumbani kwenye kipande cha karatasi, herufi kubwa, yote matatu. Mpe anakili. Akimaliza, usikikunje kwa furaha ukaondoka. Kaa palepale usome herufi moja moja, kidole juu yake, pamoja na jina la baba, ambalo ndilo hukosewa zaidi kwa sababu kila mtu anadhani analijua. Halafu kadi ya kliniki iandikwe ikifuata cheti. Kanisa nalo lifuate cheti.

Likitokea kosa, lishughulikie mtoto akiwa bado hajafanya mtihani wowote. Anayeshughulika ni msajili wa wilaya, pale ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ukichelewa hadi cheti cha mtihani kitoke, mambo yanageuka: hicho ndicho kigumu kuliko vyote kukigusa, na kwa kawaida karatasi nyingine ndizo zinazorekebishwa zikifuate. Watu huchanganya dawa mbili hapa. Kiapo cha majina kinasema kwamba Wilfredi na Wilfled ni mtu mmoja. Hakibadilishi kitu, kinaunganisha. Hati ya kubadili jina, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndiyo inayoliacha jina la zamani na kuchukua jipya. Wilfred wangu alihitaji cha kwanza, akalipa, akapanda basi la jioni. Kesho yake alinipigia kuniambia benki nayo inataka nakala yenye mhuri wa wino, ile ya fotokopi wameikataa.

Umeniuliza kama wakili, lakini ungeniuliza kama mzee wa jirani ningepiga kura ya nne. Nendeni kwa mama mkwe, mkae, mmwombe jina la Kinyakyusa. Majina ya kwao hushukuru mahali ambapo Tabu hulalamika. Lusajo ni baraka, Ipyana ni neema, Lugano ni upendo, Atupele ni "ametupa". Mimi ningechukua Atupele. Hakuna r ya kugombea, hakuna kh, karani wa Tanga na wa Tukuyu wataliandika sawa, na zile siku mbili za nje ya wodi zimo ndani yake kwa upande wake wa mwisho, pale mtoto alipolia. Bibi atakubali haraka kuliko unavyofikiri, hasa akidhani wazo ni lake. Ukishindwa kabisa kuachana na lako, Kloe, kwa K.

Ama baba. Mwambie ageuze mpango wake. Badala ya kumpa mtoto jina la lori, alipe lori jina la mtoto. Madereva wenzake wamejaza majina ya watoto na wake zao juu ya vioo na kwenye bampa kuanzia Tunduma hadi Dar. Aombe ruhusa kwa tajiri wake, atafute fundi rangi wa pale Mbalizi, aandikiwe kwa herufi za rangi anayoipenda. Binti akikua atasimama barabarani Uyole na wenzake akisubiri gari la baba lenye jina lake. Na fundi akikosea herufi, hamji kwangu; anafuta, anapaka upya.